Kutoka Duara Jekundu hadi Breki ya Baiskeli

Mwaka 1801, katika shule ya viziwi ya Rue Saint-Jacques mjini Paris, daktari kijana alibandika karatasi tatu juu ya ubao: duara jekundu, pembetatu ya buluu, mraba mweusi. Akakata vipande vya kadibodi vyenye maumbo na rangi zilezile, akavitoboa katikati, akavitundika kwenye misumari, kila kipande juu ya mwenzake. Kisha akavivua na kumkabidhi mvulana wa miaka kama 12 asiyesema neno, ili avirudishe mahali pake. Mvulana akavirudisha.

Daktari huyo ni Jean Marc Gaspard Itard. Mvulana ni Victor wa Aveyron, aliyetoka msituni karibu na Saint-Sernin, kusini mwa Ufaransa, Januari 1800. Walimu wanaokata kadi za picha na kupaka rangi vizibo vya soda kwa ajili ya wanafunzi wenye ulemavu wa akili, iwe Arusha au Kisumu, wanaendeleza kazi iliyofanyika kwenye ubao ule. Nimeifuata njia hiyo kupitia ripoti za Itard, vitabu vya warithi wake na majaribio ya maabara za Marekani, kwa sababu kuna swali ndani yake ambalo madarasani tunalijibu upesi mno. Tunasema picha na rangi humsaidia mwanafunzi. Zinamsaidiaje? Na ni lini zinamzuia?

Shule yenyewe bado ipo, namba 254 katika mtaa uleule, na bado inafundisha viziwi. Victor alipofikishwa hapo, Philippe Pinel, tabibu mkubwa wa magonjwa ya akili wa zama hizo, alimpima na kumweka katika kundi la wale walioitwa kwa jina la dharau wakati ule, watu wasiofundishika. Itard, aliyekuwa na umri wa miaka 26, hakukubali. Wataalamu wanabishana hadi leo kuhusu hali ya Victor. Wako wanaosema alikuwa na ulemavu wa akili tangu kuzaliwa, wako wanaosema usonji, na wako wanaoona ni athari ya miaka ya upweke. Kwa swali letu ubishi huo si kitu, kwa sababu alichoacha Itard ni kumbukumbu ya kina ya mtu anayejifunza kwa macho, pamoja na makosa yote ya mwalimu wake.

Ubao wa rangi tatu ulitokana na kushindwa. Kabla yake Itard alifuata njia waliyoitumia walimu wa viziwi wa shule ile chini ya padri Sicard. Alichora vitu kwenye ubao mweusi, ufunguo, mkasi, nyundo, na chini ya kila mchoro akatundika kitu chenyewe. Victor alipenda sana kila kitu kikae mahali pake, kwa hiyo alivipanga vizuri. Itard alipobadilisha nafasi za michoro, siri ikafichuka: kijana aliendelea kupanga vitu kwa mfuatano wa jana. Macho yake yalikuwa kwenye nafasi, na michoro hakuwa ameijali hata kidogo. Ndipo Itard akaongeza idadi ya vitu hadi kumbukumbu ya nafasi ikazidiwa, na Victor akalazimika kulinganisha mchoro na kitu.

Sioni ugunduzi mkubwa kuliko huo katika historia yote ya elimu hii. Mwanafunzi anaweza kutoa jibu sahihi huku akiangalia kitu kingine kabisa, na mwalimu asiyevuruga mpangilio hatajua.

Hatua iliyofuata ilikuwa kuweka jina lililoandikwa mahali pa mchoro. Kwa mtoto kiziwi mwenye akili timamu jambo hilo liliwezekana. Kwa Victor ilikuwa kumrusha mtu kutoka ukingo mmoja wa mto hadi mwingine. Kitu kilikaa chini ya jina lake siku baada ya siku, na jina halikumwambia chochote. Itard akarudi nyuma na kutafuta mawe ya kukanyagia katikati ya mto. Jiwe la kwanza likawa duara jekundu, pembetatu ya buluu na mraba mweusi, vitu vinavyotofautiana kwa njia mbili kwa pamoja, umbo na rangi. Victor alipovimudu, Itard aliondoa msaada mmoja: maumbo tofauti ya rangi moja, kisha umbo moja kwa rangi tofauti, kisha maumbo yanayokaribiana na rangi zinazokaribiana. Mwishowe zikaja herufi.

Njia hiyo haikuwa nyororo. Kazi ilipozidi ugumu Victor alipandwa na hasira, akauma mashuka, akagaagaa sakafuni. Siku moja Itard alimshika na kumtoa nje ya dirisha la ghorofani, akamning'iniza juu ya ua ili kumtisha, maana alijua kijana anaogopa vimo. Aliliandika tendo hilo mwenyewe katika ripoti yake kama dawa iliyofaa. Linaniuma kila nilisomapo. Wakati uleule Madame Guérin, mama aliyemtunza Victor kwa malipo ya serikali ya faranga 150 kwa mwaka, alikuwa akimlisha, akimwogesha na kumbembeleza, na siamini kwamba herufi zingeingia bila mikono yake.

Herufi ziliingia. Victor alijifunza kupanga L, A, I, T, yaani maziwa kwa Kifaransa, alipooneshwa kikombe. Siku kadhaa baadaye, alipokuwa akienda kwenye nyumba aliyozoea kupewa maziwa, alitia herufi nne mfukoni bila kuagizwa na yeyote, na alipofika akazipanga juu ya meza. Baadaye likaja tatizo jingine. Alipooneshwa neno la kitabu alileta kitabu kilekile kimoja alichofundishiwa. Itard alipokifungia kitabu hicho, Victor hakuona kwamba vitabu vingine vyote vinajibu neno lilelile. Baada ya mafunzo mapya akavuka mpaka upande wa pili, akaanza kuleta kisu mahali pa wembe kwa kuwa vyote hukata. Kila mwalimu aliyefundisha neno "kiti" kwa picha moja ya kiti chekundu amekutana na Victor darasani kwake.

Ripoti ya kwanza ilitoka 1801, ya pili iliandikwa 1806. Victor hakupata kusema. Aliishi na Madame Guérin hadi alipofariki mwaka 1828.

Itard alipozeeka alimpokea kijana aitwaye Édouard Séguin, mzaliwa wa Clamecy, akamwongoza mwaka 1837 katika kumfundisha mtoto mmoja mwenye ulemavu wa akili. Mwaka uliofuata Itard alifariki. Séguin alikwenda kufundisha watoto katika hospitali ya Bicêtre, nje kidogo ya Paris, akagombana na madaktari wa pale, akafukuzwa, na mwaka 1846 akatoa kitabu kikubwa juu ya malezi na elimu ya watoto hao. Yeye aliongeza mkono kwenye jicho. Ubao wake una mashimo ya maumbo, na vipande vya mbao vya kujaza mashimo hayo. Kipande kisicho chake hakiingii, kwa hiyo mbao yenyewe humwambia mtoto kwamba amekosea, na mwalimu hana haja ya kufungua mdomo.

Baada ya mapinduzi ya 1848 Séguin alihamia Marekani, akasaidia shule mpya za huko, ikiwemo ile ya Samuel Gridley Howe mjini Boston. Tutairudia shule hiyo. Ubao wa Séguin nao ulivuka bahari, ukapatwa na mkosi. Mwanzoni mwa karne ya 20 Henry Goddard wa Vineland, New Jersey, alianza kuutumia kama kipimo: mtoto anajaza mashimo, mpimaji anashika saa. Chombo cha kufundishia kikawa chombo cha kupangia watu madaraja, katika miaka ambayo madaraja hayo yaliamua nani afungiwe maisha na nani azuiwe kuzaa. Nasikitika kwamba mbao zilezile zilifanya kazi zote mbili.

Maria Montessori, daktari wa Roma, alinakili kwa mkono wake maandiko ya Itard na Séguin kwa Kiitaliano ili asome kila neno kwa utulivu. Alianza na watoto wenye ulemavu wa akili, na tarehe 6 Januari 1907 akapeleka vifaa vyake kwa watoto wa mtaa maskini wa San Lorenzo, Via dei Marsi. Watu wengi wanamjua kwa hilo la pili. Mimi nataka jambo moja tu kutoka kwake, mnara wake wa matofali ya mbao. Matofali yote yana rangi moja, ya waridi. Angeweza kulipa kila moja rangi yake na mnara ungependeza zaidi, lakini alitaka mtoto aone ukubwa, na rangi nyingi zingemvuta macho kwingine. Itard aliongeza rangi ili kumwonesha njia mwanafunzi anayeanza. Montessori aliiondoa ili mwanafunzi asipotee. Wote wawili walikuwa wakiuliza jicho liende wapi.

Ikapita nusu karne ambayo sehemu kubwa ya watu wenye ulemavu wa akili wa Ulaya na Marekani waliishi katika majumba makubwa yenye vitanda vingi na walimu wachache. Ilidhaniwa kwamba hawajifunzi, au kwamba wanajifunza polepole tu, kidogo kidogo, kama maji yanayojaza mtungi kwa matone.

Dhana hiyo ilivunjwa Connecticut. David Zeaman na Betty House walifanya kazi katika Mansfield Training School, jumba mojawapo la aina hiyo, na jaribio lao lilikuwa jepesi kulieleza. Mtoto anaoneshwa vitu viwili vinavyotofautiana kwa rangi na umbo. Chini ya kimoja kuna peremende. Anachagua, anapata au anakosa, vinabadilishwa nafasi, anachagua tena. Ukikusanya alama za watoto wengi na kuchukua wastani unapata mstari unaopanda taratibu, na unasema: naam, polepole. Zeaman na House waliipanga mistari hiyo upya kuanzia mwisho, wakiwalinganisha watoto kutoka siku kila mmoja alipofaulu na kurudi nyuma. Picha ikabadilika kabisa. Kila mtoto alibahatisha kwa muda, nusu kwa nusu, kisha ghafla akapanda. Waliokuwa na uwezo mdogo zaidi walikaa muda mrefu zaidi wakibahatisha, lakini walipoanza kupanda walipanda karibu kwa kasi ileile ya wenzao.

Katika sura yao ya mwaka 1963 walitoa maelezo haya: kujifunza kuna hatua mbili. Kwanza mtu agundue ni sifa ipi ya kitu inayofaa kuangaliwa, yaani rangi, umbo, ukubwa au nafasi. Kisha ajifunze ni rangi ipi au umbo lipi lenye peremende. Shida ya watoto wale ilikaa zaidi kwenye hatua ya kwanza. Waliangalia upande usio na jibu, kama Victor na nafasi za vitu ubaoni. Walionesha pia kwamba vitu halisi vya kushikwa hutofautishwa kwa urahisi kuliko michoro bapa, na kwamba mtoto aliyeanza na vitu huweza kuvushwa kwenda kwenye michoro. Kwa mwalimu hii ni habari njema isiyo na kifani. Huwezi kumwongezea mtu akili, lakini unaweza kuamua kitu gani kionekane zaidi.

Njia inarudi sasa kwenye shule ya Howe. Ile ambayo Séguin alishiriki kuijenga ilihamia Waltham, Massachusetts, ikakua ikawa Fernald State School. Ina ukurasa mweusi: miaka ya 1940 na 1950 baadhi ya wavulana wake walilishwa uji wenye chembe za mionzi kwa ajili ya utafiti, bila wao wala wazazi wao kuambiwa ukweli, na mwaka 1995 Rais Bill Clinton aliomba radhi kwa majaribio ya mionzi kwa binadamu ya enzi hizo. Majengo yalifungwa 2014. Kuta hizohizo zina ukurasa mwingine pia, na ni haki kuusoma bila kuufuta ule wa kwanza.

Humo Murray Sidman na Lawrence Stoddard walifanya jaribio, lililochapishwa mwaka 1967, la kuwafundisha watoto wenye ulemavu mzito wa akili kutofautisha duara na duaradufu. Kundi moja liliachwa lijaribu na kukosea. Kundi la pili liliona mwanzoni kidirisha kimoja tu chenye mwanga na duara, vingine vikiwa giza, na ni nani asingegusa penye mwanga? Kidogo kidogo vidirisha vingine viliongezwa mwanga hadi vyote vikang'aa sawa. Kisha duaradufu zikaanza kujitokeza ndani yake, mwanzoni hafifu, baadaye dhahiri. Wengi wa kundi la pili waliifikia tofauti ya duara na duaradufu. Katika kundi la kwanza karibu wote walishindwa, na kushindwa huko kuliacha mazoea mabaya: mtoto aliyekosea sana alianza kushika upande mmoja au kufuata mfuatano aliojitungia. Kosa nalo hufundisha.

Mwaka 1971 Sidman akaeleza habari za kijana wa miaka 17 mwenye ulemavu mzito. Akisikia neno aliweza kuonesha picha yake, na akiona picha aliweza kuitaja. Kusoma hakujua. Akafundishwa jambo moja tu, akisikia neno aoneshe maandishi yake, maneno 20 kwa jumla. Alipopimwa aliweza kulinganisha maandishi na picha, na kuyasoma maandishi kwa sauti, mambo ambayo hakuna aliyemfundisha. Picha alizokuwa nazo kichwani ziliyapokea maandishi mapya na kuyapa maana. Nadhani Itard angetoa mengi ili akae kwenye chumba kile siku ile.

Marc Gold wa Illinois aliyatoa haya maabarani akayapeleka karakana. Alikwenda kwenye karakana nne za vijana na watu wazima wenye ulemavu wa akili wa wastani na mzito, mahali ambapo kwa kawaida walipewa kazi za kupanga vitu vyepesi kwa ujira mdogo sana. Yeye aliwapa breki ya gurudumu la nyuma la baiskeli, ile ya kukanyaga kinyume, yenye vipande 15. Mtu asiyezoea atatoka jasho kuiunganisha. Watu 64 walishiriki. Nusu walipewa vipande kama vilivyotoka kiwandani. Nusu walipewa vipande vilivyopakwa rangi nyekundu kwenye upande unaopaswa kumwelekea mfanyakazi kipande kikiwa tayari kuwekwa. Hiyo tu. Hakuna hotuba, hakuna maelekezo marefu ya mdomo, maana Gold aliamini maneno mengi humchosha mwanafunzi wa namna hii na kumfichia kazi yenyewe.

Waliokuwa na rangi walijifunza kwa haraka zaidi, na tofauti ilikuwa kubwa. Matokeo yaliyochapishwa 1972 yana jambo jingine ninalolithamini zaidi: 63 kati ya 64 walifikia kiwango kilichowekwa. Kisha wote wakapewa breki nyingine ya vipande 24, bila rangi, wakaweza kuhamisha ujuzi wao. Baada ya mwaka mzima walipopimwa tena, sehemu kubwa ya ujuzi ilikuwa bado mikononi mwao. Rangi ilikuwa imeelekeza jicho kwenye umbo la chuma, na jicho likabaki kwenye chuma rangi ilipoondoka. Waliosema watu hawa wanafaa kuhesabu vijiko hawakuwa na cha kujibu.

Lakini si kila msaada hukubali kuondoka, na hapa nataka kuzungumza na walimu wa madarasa yetu. Tunaandika "embe" kwenye karatasi ya manila na kuchora embe kubwa la njano juu yake. Darasa zima linasema "embe!" Mtoto amesoma nini? Amesoma embe la njano. Neno lililo chini halikuhitajika, kwa hiyo hakuliangalia. Dorry na Zeaman, Connecticut tena, waliwafundisha watoto wenye ulemavu wa akili maneno yaliyoambatana na picha, na kwa baadhi yao picha ilififishwa hatua kwa hatua hadi ikatoweka. Matokeo yao ya miaka ya 1973 na 1975 yalionesha kwamba waliofifishiwa picha walijifunza maneno mengi zaidi kuliko walioachiwa picha ileile wakati wote. Watafiti Singh na Solman, mwaka 1990, walikuta kwamba picha iliyokaa sambamba na neno inaweza kabisa kumzuia mwanafunzi asilione neno.

Mwalimu anaweza kufanya kazi hiyo kwa penseli. Kadi ya kwanza iwe na embe lenye rangi, ya pili mchoro wa mstari, ya tatu mstari wa vitone, ya nne neno peke yake. Mtoto akikwama arudishwe hatua moja, asirudishwe mwanzo. Kadi zichanganywe kila mara ili asije akakariri mpangilio. Maembe yawe ya namna nyingi, dodo, bolibo, bichi na lililomenywa, ili neno lisigande kwenye embe moja.

Wanafunzi nao hawafanani. Wengi wenye hali ya Down hushika kinachoonekana vizuri zaidi kuliko kinachosikika, na Sue Buckley wa Portsmouth, Uingereza, alianza miaka ya 1980 kuonesha kwamba kuwafundisha kusoma mapema huwasaidia hata kuzungumza, kwa sababu neno lililoandikwa linatulia mbele ya macho wakati neno lililotamkwa limekwisha kupita. Mwanafunzi mwenye uoni hafifu, na wapo wengi miongoni mwa watu wenye ulemavu wa akili, hatafaidika na rangi yoyote mpaka apimwe macho na kupewa miwani. Inanihuzunisha ni mara ngapi hatua hiyo inarukwa.

Zipo pia picha ambazo hazipaswi kufifishwa kamwe. Katika miaka ya 1970 Margaret Walker, mtaalamu wa mawasiliano katika hospitali ya Botleys Park, Surrey, alibuni Makaton kwa watu wazima viziwi wenye ulemavu wa akili, kwanza kwa ishara za mikono, baadaye na michoro. Mwaka 1985 Andy Bondy na Lori Frost, katika jimbo la Delaware, walianza kuwafundisha watoto wadogo wasiosema kumkabidhi mtu kadi ya picha ili kuomba wanachotaka. Picha hizo hazimpeleki mtu kwenye neno. Zenyewe ndizo neno lake, na kumwondolea ni kumnyamazisha. Kadi za namna hiyo zitengenezwe kwa karatasi ngumu, zifunikwe plastiki na kutobolewa tundu la kamba, maana mwenyewe atatembea nazo sokoni, kliniki na kwa jirani.